Kamati ya Baraza inapomwita mtu na kudai vielelezo

Taarifa ya habari ikisema "PAC imemtaka Afisa Masuuli awasilishe vielelezo", hapo kamati ya hesabu za serikali (ndiyo PAC) imetumia mamlaka mawili kwa mpigo: kumwita mtu, hapa mtendaji anayewajibika kwa fedha za taasisi yake, aje ajieleze, na kudai nyaraka. Watu wengi huvutiwa na hilo la kwanza. Kwa maoni yangu, lenye meno ni la pili.

Kwa Zanzibar, mamlaka haya yanatumiwa na kamati za Baraza la Wawakilishi, Chukwani, kwa mujibu wa Katiba ya 1984, Kanuni za Baraza na sheria ya 2007 ya kinga, uwezo na fursa za Baraza. Zipo kamati za kudumu, PAC ikiwa mojawapo, ambayo hupitia ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Ipo pia kamati teule, inayoundwa kwa jambo moja, ikapewa hadidu za rejea, yaani mipaka ya kazi yake, na ikimaliza kazi ndiyo basi.

Mwaliko si wito. Mara nyingi barua ya kawaida inatosha na watendaji wanakuja wenyewe. Wito rasmi ni amri, na kuukaidi ni kudharau chombo cha kutunga sheria. Januari 2019, upande wa Bunge la Muungano, Spika Job Ndugai alimtaka CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu) wa wakati huo, Profesa Mussa Assad, afike mbele ya kamati ya maadili, la sivyo angeletwa kwa pingu. Alifika mwenyewe.

Sasa tuje kwenye karatasi. Chukulia hoja ya ukaguzi, yaani jambo ambalo mkaguzi anataka lielezwe, inahusu skuli iliyoezekwa huko Micheweni. Afisa akija mikono mitupu atazungumza saa nzima kuhusu mvua za masika, bei ya vifaa na mkandarasi aliyechelewa, na wajumbe watabaki wanatikisa vichwa. Wakimdai mkataba, hati ya malipo na daftari la stoo, maneno yanapungua. Mkataba unataja idadi ya mabati. Daftari linaonyesha yaliyopokelewa na nani alitia saini. Na wajumbe wakivuka kwenda Pemba, paa lenyewe liko pale linahesabika. Ile kauli ya "vielelezo vipo, vinatafutwa" kila mfuatiliaji wa vikao hivi ameshaichoka.

Kamati haihukumu mtu wala haimfungi. Ikinusa wizi, hupendekeza vyombo vya uchunguzi vichukue jambo hilo. Lakini ripoti peke yake inaweza kutikisa: Februari 2008 kamati teule ya Bunge ilisoma ripoti ya mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond, na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu bila kesi yoyote mahakamani.

Kwa Chukwani kuna mpaka mwingine. Polisi, ulinzi na mambo ya nje ni ya Muungano, kwa hiyo kuyasimamia ni kazi ya Bunge la Dodoma.

Na tusichanganye kamati na tume. Meli ya MV Spice Islander ilipozama Septemba 2011, uchunguzi ulifanywa na tume iliyoundwa na Rais, na ripoti ikakabidhiwa kwake. Ripoti ya kamati teule inawasilishwa barazani, wawakilishi wanaijadili, na Waziri anasimama kuijibu.