Je, wajua kwa nini rufaa ya haraka ya saratani England huweza kuchukua miezi?

Daktari wa familia akishuku saratani, hutuma rufaa ya haraka hospitalini. Ikipokelewa, siku zinaanza kuhesabiwa: ndani ya siku 28 mgonjwa awe ameambiwa kama ana saratani au hana, na akiwa nayo, ndani ya siku 62 awe ameanza tiba. NHS, huduma ya afya ya umma, hutakiwa kutimiza hizo siku 62 kwa wagonjwa 85 katika kila 100. Mara ya mwisho kufika hapo ilikuwa mwishoni mwa 2015.

Wengi hudhani foleni iko mlangoni kwa bingwa. Serikali nayo ilipima hapo kwa miaka mingi: mgonjwa aonwe ndani ya wiki 2. Lakini kuonwa si kupata jibu. Mtu aliweza kuonwa kwa wakati, kisha akangoja skani wiki kadhaa. Lengo hilo lilifutwa Oktoba 2023, na naona lilichelewa kufutwa.

Foleni kubwa iko kwenye vipimo. Chukua anayeshukiwa saratani ya utumbo mpana. Kwanza ipatikane nafasi ya kupitishwa kamera. Kinyama kinachonyofolewa huko ndani hulowekwa kwenye formalini (kemikali ya kukihifadhi kisioze), hugandishwa ndani ya nta, hukatwa vipande vyembamba kuliko unywele na kutiwa rangi, ndipo daktari wa patholojia akitazame kwa hadubini. Saratani ikionekana, hufuata skani ya kujua imeenea wapi, halafu kikao cha mabingwa, ambacho aghalabu hukaa mara moja kwa wiki. Ripoti ikichelewa kikao kwa saa chache tu, wiki nzima imepotea bila mtu yeyote kuzembea.

Na watu ni wengi. Tangu 2015 mwongozo wa madaktari unataka rufaa itolewe hata uwezekano wa saratani ukiwa asilimia 3 tu. Ndiyo maana zaidi ya 9 katika 10 hukutwa hawana. Kuwapunguza kwa kubana rufaa ni hatari, kwa sababu saratani inayowahiwa mara nyingi hutibika. Afadhali kuchuja kwa kipimo: siku hizi wengi wenye dalili za utumbo hupimwa kwanza kinyesi, kutafuta damu isiyoonekana kwa macho, na matokeo huonyesha nani awahishwe kwenye kamera.