Ada ya hifadhi si kibali cha kupiga mbizi

Umeshalipa boti, mtungi wa hewa na mwongozaji. Asubuhi ya safari, mkiwa mmevaa tayari, anapita mtu na kitabu cha risiti, anataka hela nyingine. Wengi huona wanapigwa, kumbe pengine wanadaiwa ada ya hifadhi, ambayo mwenye boti hakuitaja kwenye bei yake kwa sababu si yake.

Ada hii hutozwa mgeni kwa kuingia tu katika eneo la bahari linalolindwa kisheria. Hulipia doria na, kitu ambacho wageni hawakioni, maboya ya kufungia boti. Nanga moja ikiburutwa juu ya matumbawe huvunja kwa dakika kilichokua kwa miaka mingi.

Bonaire, katika Karibi, mfano wake ni mzuri. Hifadhi yake ya tangu 1979 inakizunguka kisiwa kizima, kuanzia maji kujaa yanapofika hadi kina cha mita 60. Kwa hiyo hata aliyebeba mtungi wake akaingia kwa miguu kutoka ufukweni, bila boti ya mtu, anadaiwa. Palau, nchi ya visiwa katika Pasifiki, waliamua kumaliza mambo mapema: tangu 2018, ada ya mazingira ya dola 100 imo ndani ya tiketi ya ndege, uingie majini usiingie. Na bado jimbo la Koror linataka kibali chake kwa anayekwenda visiwa vya Rock Islands.

Kibali sasa ni habari nyingine. Ada ni fedha. Kibali ni ruhusa, na ruhusa huweza kwisha. Kisiwa cha Sipadan, Malaysia, vibali vya kila siku vina idadi maalumu. Hoteli zilizokuwa kisiwani ziliondolewa mwishoni mwa 2004, kwa hiyo wageni hulala kisiwa jirani cha Mabul au mji wa Semporna wakisubiri siku yao. Vikiisha vimeisha, hata uwe na mfuko mnono. Ndiyo maana swali la kumuuliza mwenye boti si "vibali vipo?", maana atajibu vipo. Muulize chako ni cha tarehe ngapi.

Cheti cha mafunzo hakimo katika haya mawili. Kinasema umefundishwa, kwa ngazi ya mwanzo kwa kawaida hadi mita 18, basi. Huwezi kukionyesha langoni badala ya risiti.

Risiti yenyewe isome kabla ya kuikunja. Kuna ada za siku, za saa 24 na za mwaka, na aliyelipia saa 24 jana mchana akapanga mbizi ya leo jioni atadaiwa upya. Itie kwenye mfuko usiopitisha maji uende nayo botini, kwa sababu askari wa doria huikagua hukohuko baharini.