Majeruhi wa Matatu Waanze Kutunza Ushahidi Siku ya Ajali

Wengi wanaofika katika ofisi yetu ya msaada wa sheria hapa Malindi baada ya ajali ya matatu huja wakiwa wamechelewa, na kinachokuwa kimewapita si muda wa kisheria bali ushahidi. Sheria ya Kenya humpa majeruhi miaka 3 tangu siku ya ajali kufungua kesi ya fidia, kwa hivyo mtu hujiambia kwamba kwanza apone. Mguu unapounga, utingo ameshahamia ruti nyingine, gari limenyooshwa bodi na kupigwa rangi, na abiria aliyeketi ubavuni mwake hajulikani alikoshukia.

Mahakamani majeruhi hutakiwa kuthibitisha kwamba alikuwemo ndani ya gari, kwamba dereva alizembea, na kwamba maumivu yake yametokana na ajali ile. La kwanza ndilo huwashangaza watu, kwa kuwa ni nani asiyejua alipanda gari gani? Lakini matatu za kati ya Malindi na Mombasa aghalabu hazitoi tikiti, na mawakili wa bima hawachelewi kudai kwamba mlalamishi hakuwa abiria. Ukilipa nauli kwa M-Pesa, usiufute ujumbe ule. Ukiwa umelipa taslimu, hakikisha jina lako limeandikwa polisi miongoni mwa majeruhi, upewe nambari ya OB, yaani daftari la matukio la kituo, kisha ufuatilie abstrakti ya polisi, yaani muhtasari wao wa ajali, na fomu ya P3 ya kueleza majeraha, ambayo sehemu yake hujazwa na daktari.

Jina lenyewe ndilo huleta taabu zaidi kuliko watu wanavyodhani. Mama mmoja wa Maweni alituletea karatasi zake ndani ya mfuko wa plastiki: kitambulisho kilisema Mwanaisha, kadi ya hospitali ilisema Mama Asha kwa sababu jirani aliyempeleka alimjua kwa jina hilo, na polisi walikuwa wameandika Aisha. Tarehe ya matibabu nayo ilikuwa siku moja kabla ya tarehe ya ajali. Kovu lilikuwa wazi mkononi mwake, kuanzia kiwiko hadi karibu na kifundo, lakini wakili wa upande wa pili alizipanga karatasi zile tatu mezani na kuuliza ni wanawake wangapi walioumia. Ilitubidi kuandaa hati ya kiapo kuhusu majina yake na kuomba hospitali isahihishe tarehe kwa kurejelea rejista yake. Kazi hiyo ingeepukika kama mtoto wake angeisoma kadi pale dirishani kabla ya kuondoka. Jina la kitambulisho, tarehe na nambari ya usajili wa gari ni lazima zilingane katika kila karatasi.

Kuna jambo jingine ninalolisema kwa heshima, kwa sababu ni mila yetu. Aliyeteguka hupelekwa kwanza kwa mkandaji, na hospitali huenda baada ya wiki, uvimbe ukikataa. Simkatazi mtu kukandwa, ila aanze hospitalini, kwa kuwa maandishi ya matibabu ya siku ile ile ndiyo yanayoliunganisha jeraha na ajali, na daktari atakayeandika ripoti ya baadaye atayategemea hayo. Picha za eksirei, dawa ulizoandikiwa na kila risiti, hata ya tuktuk ya kwendea kliniki, zitunzwe: gharama ulizotoa mahakama huzirudisha kwa kuthibitishwa moja moja, wala haizikadirii.

Ukiwa na nguvu pale barabarani, au ukiwa na jamaa karibu, pigeni picha nambari ya gari, alama za matairi na stika ya bima kwenye kioo cha mbele. Stika hiyo huonyesha kampuni ya bima na nambari ya mkataba, nayo ni muhimu kwa sababu chini ya Sura ya 405, sheria ya bima ya magari kwa watu wengine wanaoumia, kampuni ndiyo hulipa hukumu, hadi shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja, mradi ijulishwe rasmi kuhusu kesi. Picha zisibaki za kutumiwa tu kwa WhatsApp. Simu iliyopiga picha hizo itunzwe, kwani Sheria ya Ushahidi hutaka cheti kinachoeleza chombo kilichozitoa. Mwenye gari aliyesajiliwa hupatikana kwa kuomba rekodi kutoka NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na mara nyingi si yule mnayemwona stendi.

Katika siku hizo za mwanzo, huenda mtu akaja kitandani na bahasha na karatasi ya kutia sahihi, akisema ni pesa za dawa. Karatasi hiyo yaweza kuwa hati ya kuachilia madai yote. Usitie sahihi wala kidole gumba kabla haijasomwa na mtu unayemwamini, ambaye si yeye aliyeileta.