Je, wajua? Kwa nini Mfalme Yehoyakini ana ushahidi wa kihistoria lakini Nefi hana

Uliza watu wawili kama arkeolojia imethibitisha Biblia. Mmoja atakwambia imethibitishwa yote, mwingine atakwambia hamna kitu pale, hadithi tupu, na wote wawili wanakosea palepale: wanadhani kitabu kinathibitishwa kizima kizima. Wanahistoria hawafanyi hivyo. Wao wanachukua mtu mmoja mmoja, tukio moja moja, ndo maana ndani ya kitabu kimoja unakuta mtu mwenye ushahidi wa kutosha na mwenzake asiye nao kabisa.

Tuchukue Yerusalemu ya mwaka 597 KK. Nebukadneza anauteka mji, mfalme kijana Yehoyakini, ambaye alikuwa ametawala miezi mitatu tu, anapelekwa Babeli na kiti anapewa baba yake mdogo Sedekia. Sasa Kitabu cha Mormoni, andiko takatifu la Wamormoni, ambacho Joseph Smith alikichapisha kule Palmyra, New York, mwaka 1830 akisema amekitafsiri kutoka kwenye mabamba ya dhahabu, kinaanza mwaka wa kwanza wa huyohuyo Sedekia. Lehi na familia yake, pamoja na mwanawe Nefi, wanatoka Yerusalemu, wanapita Arabuni, wanavuka bahari hadi Amerika. Yaani kwa mujibu wa maandiko yenyewe Yehoyakini na Nefi ni watu wa mji mmoja na kizazi kimoja, pengine walipishana njiani.

Yehoyakini tunaye. Wajerumani waliochimba Babeli mwanzoni mwa karne ya 20 walikuta vibao vya udongo vya hesabu za mgao wa ikulu, na msomi Ernst Weidner alipovichapisha mwaka 1939, kumbe mle ndani kuna mfalme wa Yuda anapewa mafuta yake, na wanawe watano wanapewa yao, kwenye orodha moja na maseremala wa Byblos. Hakuna unabii wala sifa, ni mafuta tu.

Na uzito wake uko hapohapo kwenye hayo mafuta. Fikiria mtu anakusimulia kuwa babu yake alikuwa mkubwa wa mtaa miaka ya sitini. Anaweza kuwa anasema kweli, ila yeye ni mjukuu, ana sababu ya kumkuza. Halafu siku moja linapatikana daftari la madeni la mwenye duka wa enzi hizo, limeandikwa jina la babu, sukari kilo mbili, hajalipa. Mwenye duka hakuwa anamtetea mtu, alikuwa anataka hela yake, wala hakujua kuna siku wajukuu watabishana. Daftari halisemi babu alikuwa mkubwa, linasema alikuwepo, basi. Mwandishi wa Babeli ndo huyo mwenye duka. Mfalme Daudi naye ana kitu kama hicho kutoka kwa adui kabisa, maana jiwe lililopatikana Tel Dan mwaka 1993, la karne ya 9 KK, ni la mfalme wa Waaramu anayejisifu kwa ushindi wake, na humo anataja "nyumba ya Daudi". Wapo wachache wanaosoma maneno hayo vingine, lakini wengi wamekubali usomaji huo. Kwamba Daudi alimuua Goliathi, hilo jiwe halijui.

Watu wengi wanateleza kwa kudhani ukipata mahali au jina basi umempata mtu. Hapana. Mfano mzuri, na nakiri unavutia, ni Nahomu. Kitabu cha Mormoni kinasema msafara wa Lehi ulimzika mwenzao aitwaye Ishmaeli (si yule mwana wa Ibrahimu) mahali paitwapo hivyo, na huko Marib, Yemen, zimepatikana madhabahu za karibu karne ya 7 au 6 KK zinazomtaja mtu wa kabila lenye herufi N-H-M. Watetezi wanasema zinaendana na njia ya msafara. Sawa, ila zinaonyesha kabila lilikuwepo, hazimtaji Lehi wala Nefi wala Myahudi yeyote aliyepita. Halafu jina la eneo hilo lilishaonekana kwenye ramani ya msafiri Carsten Niebuhr ya karne ya 18, ingawa hakuna ushahidi kwamba Smith aliwahi kuiona. Hata jina la Alma, nabii mwanaume ndani ya Kitabu cha Mormoni, lililokuwa likichekwa kwamba ni la kike, limekutwa kwenye hati ya ardhi ya Kiyahudi ya karne ya 2 BK, mwanaume kabisa. Ni Alma mwingine lakini.

Kukosekana kwa ushahidi nako kunapimwa. Familia moja kupita jangwani bila kuacha alama, kawaida tu. Lakini kitabu hicho kinazungumzia miji, magari ya vita, farasi, na vita vya mwisho vilivyoua Wanefi, yaani watu wa ukoo wa Nefi, laki mbili na zaidi, wakati farasi walishatoweka Amerika maelfu ya miaka kabla, mpaka Wahispania walipowarudisha. Hapo ukimya unaanza kuwa mzito. Mwaka 1952 Thomas Stuart Ferguson, Mmormoni, alianzisha taasisi ya uchimbaji, kanisa likaifadhili, ikafanya kazi ya maana kule Chiapas, Mexico, na Wanefi hawakuonekana, yeye mwenyewe baadaye akakata tamaa.

Ila Mkristo asicheke haraka. Musa na Ibrahimu nao hawana kibao wala jiwe la wakati wao, na Kutoka inasema wanaume tu walikuwa kama laki sita, jangwani Sinai hawajaacha alama iliyopatikana. Wamormoni wenyewe wanaelekezwa kwenye Moroni 10:4, mstari ulio mwishoni mwa Kitabu cha Mormoni, umuulize Mungu kwa sala kama kitabu ni cha kweli, na jibu la namna hiyo mwanahistoria hana kifaa cha kulipimia, liwe ndiyo au hapana. Mabamba ya dhahabu nayo hayapimiki, maana Smith alisema alimrudishia malaika.