Ndege Ikitetemeka, Propela Huonewa Bure

Dhana: Ndege ya pistoni ikitetemeka, propela haijasawazishwa.
Propela ni mshukiwa mmoja tu. Chukua injini ya silinda nne inayozungusha propela moja kwa moja, mara 2,400 kwa dakika, yaani mara 40 kwa sekunde. Uzito wa propela ukielemea upande mmoja, utasikia mapigo 40 kwa sekunde. Silinda moja isipowaka, mapigo ni 20, kwa kuwa kila silinda huwaka mara moja katika mizunguko miwili. Huo ni mtikisiko mzito wa kukusukasuka kitini, na usawazishe propela utakavyo, hautakwisha.

Plagi iliyokufa ni mjanja zaidi. Kila silinda ina plagi mbili, hivyo moja ikifa nyingine huendelea kuwasha, na rubani huijua siku anapojaribu magneto, yaani vifaa viwili vinavyozipa plagi umeme, moja moja kabla ya kuruka.

Dhana: Ikitetemeka asubuhi kisha ikatulia, ni baridi tu.
Hii ndiyo inayonitia hofu kuliko zote. Mara nyingi ni vali ya ekzosi, mlango wa kutolea moshi kwenye silinda: masizi yameganda pale shina lake linapopita, inakwama wazi, na silinda inakosa mgandamizo. Injini ikipata joto vali inajiachia, kila mtu anasahau. Siku itakapogoma kabisa inaweza kupinda fimbo inayoisukuma.

Dhana: Propela yenye uzito sawa pande zote haina kosa.
Pembe za mapanga zikitofautiana, panga moja litavuta zaidi ya jingine. Mizani haioni hilo.

Dhana: Raba za injini zilizochoka ndizo zinazoleta mtetemo.
Hazileti, zinaupitisha tu hadi kwenye bodi.

Dhana: Usiposikia mtetemo, hakuna madhara.
Baadhi ya ndege zenye injini ya Lycoming O-360 na propela ya Hartzell ya mapanga mawili haziruhusiwi kukaa kati ya mizunguko 2,000 na 2,250 kwa dakika. Rubani huenda asihisi kitu, lakini mapigo ya injini yanayakunja na kuyakunjua mapanga hadi metali inachoka. Ndiyo maana fundi hapuuzi hata kovu dogo la kokoto kwenye ukingo wa panga. Hulisawazisha kwa tupa mpaka lilainike, kwani ufa huanzia hapo.