"Command not found" haitibiwi kwa kusakinisha upya

Mtu amemaliza kuweka Debian, mojawapo ya distro, yaani mifumo iliyojengwa juu ya Linux, anaandika amri ya kwanza, anajibiwa "command not found", na papo hapo anatoa hukumu: mfumo umeingia vibaya, niuweke upya. Tafadhali, iache hiyo flashi. Ukirudia usakinishaji uleule kwa machaguo yaleyale, utakutana na kosa lilelile.

Ujumbe huo una maana moja tu: Bash, programu inayosoma amri zako, imepita folda zote zilizotajwa kwenye PATH, yaani orodha ya folda za kutafutia programu, na haikukuta faili ya jina hilo. Haujasema kwamba faili haimo kwenye diski. Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, jua kwanza kama programu haipo kabisa au ipo mahali ambapo Bash haitazami.

Andika `echo $PATH`. Mtumiaji wa kawaida wa Debian ataona /usr/local/bin, /usr/bin, /bin na folda mbili za michezo. /usr/sbin haimo, na humo ndimo wanamokaa usermod (ya kubadili watumiaji), fdisk (ya kugawa diski) na wenzao. Sasa andika `ls /usr/sbin/usermod`. Njia hiyo ikirudi kwenye skrini, programu unayo, tena nzima.

Wengi hunasa hatua inayofuata. Wanaandika `su`, amri ya kubadili mtumiaji, wanatoa nenosiri la root, yaani msimamizi mkuu, na usermod bado "haipo". Tangu Debian 10 ya mwaka 2019, `su` tupu hukuacha na PATH ileile uliyokuja nayo. Andika `su -`. Kistari hicho ndicho kinachofungua kikao kamili cha root, pamoja na /usr/sbin yake. Na kama kilichokosekana ni sudo, amri ya kufanya kazi kwa mamlaka ya root, jua kwamba ukiweka nenosiri la root wakati wa kusakinisha Debian, mtumiaji wako haingizwi kwenye kundi la sudo. Ukiwa ndani ya `su -`, fanya `apt install sudo`, kisha `usermod -aG sudo jinalako`, halafu utoke na kuingia tena. Usipotoka, kundi jipya halitatambulika, nawe utarudi kulalamika kwamba imeshindikana.

"Distro yangu ya zamani ilikuwa na ifconfig, kwa hiyo hii ina kasoro." Hapana. ifconfig na netstat, amri za mtandao, hutoka kwenye kifurushi cha net-tools, ambacho distro nyingi hazikuwekei tena zenyewe. Tumia `ip a` na `ss -tlnp`. Weka net-tools pale tu skripti ya zamani inapoidai. Vidole vyako vizoee ip.

"Jina la amri ndilo jina la kifurushi." Si lazima. dig iko ndani ya bind9-dnsutils kwenye Debian, bind-utils kwenye Fedora, na bind kwenye Arch. Wakati mwingine hata amri hubadilishwa jina: Debian ukiweka fd-find, unachoandika ni `fdfind`. Usibahatishe. Kwenye Debian weka apt-file, endesha `apt-file update`, kisha `apt-file search bin/dig`. Fedora ni `dnf provides '*/bin/dig'`. Arch ni `pacman -Fy`, halafu `pacman -F dig`.

"Nitanakili faili ya programu kutoka kompyuta nyingine." Usifanye hivyo. Inategemea maktaba za toleo jingine, na hata ikikubali kuwaka, kisimamia vifurushi hakiijui, kwa hiyo haitapata sasisho la usalama kamwe.

Na ikiwa hata `ls` imepotea huku `cd` na `echo`, ambazo zimo ndani ya Bash yenyewe, zikifanya kazi, umeifuta PATH mwenyewe kwa mstari kama `export PATH=/opt/kitu/bin`. Okoa kikao kwa `export PATH=/usr/local/sbin:/usr/local/bin:/usr/sbin:/usr/bin:/sbin:/bin`, kisha fungua ~/.bashrc, faili ya mipangilio ya Bash, na urekebishe mstari ule usomeke `export PATH="$PATH:/opt/kitu/bin"`.