Daktari kusoma anthropolojia: yanayosemwa na ukweli wake

Mwambie mjomba wako kwamba ukimaliza udaktari unataka kusoma shahada ya uzamivu katika anthropolojia, yaani taaluma ya jamii za watu na mila zao, au historia ya tiba, halafu umsikilize. Ungetaja upasuaji angefurahi. Ungetaja magonjwa ya watoto, hata uongozi wa hospitali, asingekuwa na neno. Lakini hili? "Sasa mjomba, miaka yote hiyo umesoma miili ya watu, leo unarudi kusoma mila zao?"

Mjomba hayuko peke yake. Hata kwenye korido za vyuo vya tiba, njia hii inazungukwa na maneno mengi ya kudhaniwa. Nchi inayojulikana zaidi kwa kuunganisha shahada hizi mbili ni Marekani. Tangu mwaka 1964 taasisi za taifa za afya za huko zinagharimia wanafunzi wanaosoma udaktari na uzamivu kwa mpango mmoja, maarufu kama MD-PhD. Wengi wao huenda maabara. Wachache huchagua anthropolojia, sosholojia, historia au uchumi, kwenye vyuo kama Harvard, Chicago, Pennsylvania, Johns Hopkins, na California ambako San Francisco hushirikiana na Berkeley. Hawa wachache ndio ninaowazungumzia.

"Wanaikimbia wodi"

Hii ndiyo ya kwanza kusikika na ndiyo nyepesi kuijibu. Mwanafunzi wa mpango huo anakaa mitihani ileile ya udaktari na anazunguka wodi zilezile. Kwa kawaida anasoma miaka miwili ya mwanzo ya tiba, anatoka kwenda kufanya uzamivu, kisha anarudi kumalizia wodi. Anaporudi, wenzake alioanza nao ni madaktari tayari, na yeye anaulizwa dozi ya dawa aliyoisoma miaka mitano iliyopita. Anayeiogopa wodi hachagui kuingia humo mara mbili.

Paul Farmer alipata shahada zote mbili Harvard mwaka 1990 na akawa bingwa wa magonjwa ya kuambukiza. Alifariki Februari 2022 akiwa Butaro, kaskazini mwa Rwanda, kwenye hospitali na chuo alivyosaidia kuvianzisha, alikokuwa akifundisha na kuona wagonjwa. Jeremy Greene wa Johns Hopkins ni mwanahistoria wa dawa, na bado anatibu wagonjwa wa kawaida katika kituo cha afya mashariki mwa Baltimore. Wapo waliohamia kwenye utawala, hilo kweli. Jim Yong Kim, daktari na mwanaanthropolojia, alikuwa rais wa Benki ya Dunia kuanzia 2012 hadi 2019. Lakini hata madaktari bingwa wa upasuaji wanakuwa mawaziri, na hakuna anayesema walisomea upasuaji ili wamkimbie mgonjwa.

"Kazi yao ni kuwaeleza madaktari ushirikina wa wagonjwa"

Hapa ndipo penye uzito, na kwa maoni yangu ndipo hata wanaoipenda fani hii wanapokosea. Watu wanamwona daktari wa namna hii kama mkalimani: mgonjwa kaacha dozi, mwite mwanaanthropolojia atueleze ni mizimu gani imemzuia.

Chukua Haiti. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Farmer na wenzake walikuwa wakitibu kifua kikuu katika kijiji cha Cange. Dawa zilikuwa za bure, lakini wagonjwa wengine walikuwa wakifa. Wahudumu wa afya wenyewe walibishana. Wengine walisema tatizo ni imani: wagonjwa wanaamini kifua kikuu hutumwa na mchawi, hivyo hawaoni maana ya vidonge. Wengine walisema tatizo ni umaskini. Wakaamua kupima. Makundi mawili ya wagonjwa yalipata matibabu bure. Kundi moja likaongezewa kama dola 30 kwa mwezi za chakula na nauli, pamoja na mhudumu wa kijiji wa kuwatembelea nyumbani. Wote waliokuwa kwenye kundi hilo walipona. Katika kundi lisiloongezewa kitu, waliopona walikuwa karibu nusu tu. Na walipoulizwa kuhusu uchawi, wengi katika makundi yote mawili walikubali kwamba inawezekana mtu kutumiwa ugonjwa. Imani ile haikutabiri nani angepona na nani asingepona.

Tazama alichofanya mwanaanthropolojia hapo. Angeweza kuandika tasnifu nzuri sana kuhusu uchawi wa Haiti. Yeye alionyesha kwamba uchawi ulikuwa kisingizio cha hospitali.

Kwetu mfano upo na haukuletwa na Mmarekani. Kila aliyekulia Pwani anajua habari ya degedege: mtoto anatetemeka, macho yanageuka, bibi anasema huyu asichomwe sindano, atakufa, apelekwe kwa mganga. Utafiti uliofanyika Bagamoyo na kuchapishwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba watu wengi hawakuihesabu degedege kuwa malaria, na waliiona ni kazi ya waganga. Matokeo yale yalikuwa muhimu, na kampeni za afya ziliyatumia. Lakini mwaka 2004 ukachapishwa utafiti mwingine, wa Rufiji, uliofuatilia vifo vilivyosababishwa na malaria na kuuliza familia zilikwenda wapi kwanza. Karibu wanane katika kila kumi walikuwa wameanza na tiba ya kisasa, iwe kituo cha afya au dawa za malaria za dukani. Walioanza na tiba ya kienyeji walikuwa kama 9 katika kila 100. Maana yake ni kwamba familia nyingi zilifuata ushauri tuliowapa, na mtoto akafa hata hivyo. Swali likahama kutoka kwa bibi likaenda kwenye zahanati: dawa ilikuwepo? Ilikuwa ile inayofaa? Muuguzi alikuwepo usiku ule?

Daktari aliyefundishwa sayansi za jamii vizuri ana wajibu wa kuuliza swali hilo la pili. La kwanza sote tunaliuliza, tena kwa ukali, kwenye dirisha la kliniki: "Mama, ulikuwa wapi siku zote hizo?"

Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Kongo, nako kulikuwa na somo la namna hiyo. Ebola ilitangazwa Agosti 2018, na kufikia Juni 2020 ilipotangazwa kwisha ilikuwa imeua watu zaidi ya 2,200. Chanjo ilikuwepo. Ripoti nyingi zililalamikia "ukaidi" wa wakazi wa Beni na Butembo, ambao ni wasemaji wa Kiswahili kama sisi. Lakini Beni ilikuwa imezoea mauaji ya raia usiku tangu 2014, na dunia haikuja. Ebola ilipoingia, magari meupe ya mashirika yakajaa barabarani. Kisha, Desemba 2018, siku chache kabla ya kura ya kumchagua rais, tume ya uchaguzi ikaahirisha upigaji kura Beni na Butembo hadi Machi, kwa sababu ya Ebola na usalama. Rais akaapishwa Januari, wao hawajapiga kura. Kituo kimoja cha Ebola Beni kilivamiwa siku moja tu baada ya tangazo la kuahirisha kura. Ukiipima hali ile kwa kipimo cha "elimu ya afya kwa umma" peke yake, utachapa vipeperushi zaidi. Anayeijua historia ya Kivu anaona kwamba watu walikuwa wakiijibu serikali.

"Ni uzamivu mwepesi, ni kuhoji watu tu"

Seth Holmes, daktari na mwanaanthropolojia wa California, alitaka kuelewa kwa nini wavunaji wa matunda kutoka Mexico wanaugua vile wanavyougua. Akaishi kwenye vibanda vyao katika bonde la Skagit, jimbo la Washington, akichuma stroberi pamoja nao, na hakuwahi kufikia kiwango cha uzito ambacho wenzake walitakiwa kukifikisha ili wasifukuzwe. Akasafiri nao kwao Oaxaca, akarudi nao kwa miguu kupitia jangwa la mpakani, na doria ikawakamata Arizona. Kisha akaingia kliniki na mmoja wa wavunaji aliyeumia goti, akamsikia daktari akieleza kwamba tatizo ni jinsi anavyoinama. Nani kati yetu hajawahi kumwandikia mbeba mizigo Diclofenac ya maumivu na kumwambia apumzike? Apumzike ale nini?

Anne Becker, daktari wa akili na mwanaanthropolojia, alifanya kazi Fiji, ambako mwili ulionawiri ulikuwa sifa. Televisheni ilifika eneo la Nadroga mwaka 1995. Mwaka huo, kati ya wasichana wa sekondari aliowauliza, hakuna aliyesema anajitapisha ili apungue. Miaka mitatu baadaye walikuwa asilimia 11.3. Namba kama hiyo haipatikani kwa safari ya wiki mbili na dodoso. Becker alikuwa ameijua jamii ile tangu kabla ya televisheni kufika.

"Si sawa tu na afya ya jamii?"

Hapana, ingawa wanakutana. Afya ya jamii huuliza ugonjwa uko wapi, kwa kiasi gani, na upunguzwe vipi. Mwanahistoria au mwanaanthropolojia anaweza kuuliza kwa nini tuliamua kuuhesabu huo na tukaacha ule. Ukitaka kuendesha programu ya chanjo ya wilaya, soma afya ya jamii, huhitaji zaidi.

"Marekani wanasomesha bure"

Nusu kweli, na nusu iliyobaki imewaumiza vijana wetu. Fedha za serikali ya Marekani kwa mpango wa MD-PhD hulipa ada na posho, lakini ni za raia na wenye ukaazi wa kudumu. Vyuo vichache hupokea mwanafunzi wa kigeni kwa fedha zao wenyewe, na ushindani wake si wa kawaida. Hata kwa raia, anayechagua sayansi za jamii au insia (masomo kama historia) hana uhakika wa kugharimiwa sawa na mwenzake wa maabara: vyuo vingine hulipia miaka ya uzamivu tu, na udaktari unabaki deni. Tena huko huwezi kuingia udaktari moja kwa moja kutoka kidato cha sita, lazima uwe na shahada ya kwanza.

Kwa aliyesoma Tanzania au Kenya, njia ya kawaida ni moja baada ya nyingine: miaka mitano au sita ya udaktari, mwaka wa utarajali, kisha uzamili, kisha uzamivu. Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui: idara za anthropolojia na historia za vyuo vikubwa vya Marekani hupokea wageni na mara nyingi huwalipa posho ya kusoma, bila kudai leseni ya udaktari ya huko. Leseni inahitajika ukitaka kutibu.

Kuhusu muda, mjomba ana haki yake. Mpango wa pamoja huchukua miaka minane au zaidi kabla hujaanza ubingwa. Wenzako watajenga, wataoa na kuolewa, wewe bado unaitwa mwanafunzi, na mshahara hautaongezeka kwa kiasi cha kufidia. Anayekwambia vinginevyo anakuuzia.

"Bila uzamivu hakuna atakayekusikiliza"

Mtu aliyefundisha madaktari wengi kumuuliza mgonjwa anaelewaje ugonjwa wake ni Arthur Kleinman, daktari wa akili wa Harvard. Umeanza lini? Unadhani umesababishwa na nini? Unaogopa nini zaidi? Maswali ya namna hiyo aliyachapisha na wenzake mwaka 1978, na hadi leo yanafundishwa vyuoni. Kleinman ana udaktari wa Stanford na shahada ya uzamili ya anthropolojia. Hana uzamivu. Farmer na Kim walikuwa wanafunzi wake.

Kwa hiyo aliye mwaka wa nne Muhimbili au Nairobi na anawashwa na mambo haya asikimbilie kujaza fomu za Harvard. Achague tatizo moja analoliona kila wiki wodini, alifuate hadi nyumbani kwa mgonjwa kwa ruhusa na kwa kufuata taratibu za maadili, atafute mwalimu wa sosholojia au historia akubali kusoma anachoandika. Baada ya mwaka atajua kama swali lake linahitaji miaka mitano ya uzamivu au makala moja iliyoandikwa vizuri.